Wimbo Wenye Kazi Haufi

Agosti ya mwaka wa shufwa, kama ilivyokuwa 2022 na 2024, usiku wa Naitiri, kaunti ya Bungoma, huwa na sauti mbili. Ya kwanza ni ya chinyimba, njuga za chuma anazogonga kijana wa Kibukusu akizunguka kwa wajomba na shangazi kuwaalika kwenye tohara yake, huku ndugu na majirani wakimfuata kwa nyimbo za khuminya. Ya pili hutoka kwenye spika zilizopangwa uani: kinanda cha umeme, gitaa, na ngoma iliyotengenezwa kwa kompyuta, vikipiga mdundo ambao ukiutegea sikio utautambua kuwa ni mtoto wa mdundo ule wa njuga. Wazee walioketi penye busaa hukunja uso. Vijana hucheza mpaka vumbi linapanda.

Kati ya sauti hizo mbili kuna swali linaloulizwa kila mahali palipo na nyimbo za mababu na vijana wenye magitaa. Bendi ya kisasa inapouchukua wimbo wa asili na kuupiga upya, inauokoa au inauzika? Limeulizwa katika milima ya Kentucky, limeulizwa Bukoba na Mbale, na linaulizwa hapa Tongaren, iliko Naitiri. Nitalipitia swali hilo kwa upana wake, nikianzia hapa, nivuke mpaka Marekani, kisha nirudi. Msimamo wangu nautaja mapema: wimbo wa asili haufi kwa kubadilishwa. Hufa kwa kukosa kazi. Ukipewa kazi mpya na mtu anayeijua ile ya zamani, utaishi hata ukipigwa kwa umeme. Ukinyang'anywa kazi yake na usipewe nyingine, utabaki sauti tupu, hata ukipigwa kwa ala zilezile za babu.

Nyimbo zilizohama na wenyewe

Naitiri panafaa kuanzia kwa sababu hakuna anayeweza kudai kwamba nyimbo zote za hapo zimeota hapo. Wakati wa ukoloni, ardhi hii ya kaskazini mashariki mwa Bungoma, inayopakana na Trans Nzoia, ilikuwa mashamba makubwa ya walowezi Wazungu. Miaka ya 1960, chini ya Mpango wa Ekari Milioni Moja, mashamba ya namna hiyo yalinunuliwa na kukatwa vipande kwa ajili ya wakulima Waafrika. Walikuja Wabukusu kutoka upande wa Kimilili, wakaja Wamaragoli kutoka vilima vilivyosongamana vya Vihiga, wakaja Watachoni, Wakabras na wengine. Kila familia ilikuja na majembe yake, mbegu yake, na namna yake ya kuimba harusi, tohara na msiba.

Jambo hili lina uzito katika hoja yetu. Anayelalamika kwamba bendi zimeharibu wimbo wa asili huwa anawazia kijiji ambacho hakijawahi kuhama, chenye wimbo ambao haujawahi kuguswa. Naitiri haijawahi kuwa kijiji hicho. Hapa wimbo ulishasafiri, ukaitikiwa na majirani wa lugha nyingine, ukachanganyika na nyimbo zao, na bado ukaishi. Haukuishi kwa kuwa haukubadilika. Uliishi kwa sababu palikuwa bado na bibi harusi wa kusindikizwa, mtoto wa kwanza wa kupokewa, na kijana wa kupelekwa mtoni.

Wimbo ni mfanyakazi

Tuzitazame nyimbo hizo kwa kazi zake. Litungu, kinubi cha Wabukusu chenye nyuzi saba, hupigwa na mtu aliyeketi, vidole vikirudia fungu moja la sauti huku mdomo ukisimulia: sifa za ukoo, mawaidha, habari za mtaa, lawama kwa mtu mchoyo. Kazi yake ni kumbukumbu na maonyo. Siilili, fidla ya uzi mmoja, huambatana na sauti ya mtu kama pacha wake. Kamabeka ni ngoma ya mabega, na jina lenyewe linasema hivyo. Ni ya furaha na ya kuonyeshana ustadi. Mwana wa Mberi, wimbo ujulikanao kote Uluhyani, humpokea mtoto wa kwanza. Isukuti ya Waisukha na Waidakho huendeshwa na ngoma tatu zinazoitwa baba, mama na mtoto, na hupigwa penye harusi, mazishi, kutawazwa kwa viongozi na sherehe nyinginezo.

Halafu kuna sioyaye. Huu haupigwi kwa burudani. Huimbwa alfajiri, kijana anaporudi kutoka mtoni akiwa amepakwa matope, akielekea kwenye kisu. Wazee hushikilia kwamba una wakati wake na mahali pake, na kuuimba ovyo nje ya msimu ni kucheza na jambo zito. Vivyo hivyo khuswala kumuse, hotuba ya faraja inayotolewa baada ya mazishi ya mzee, si kazi ya kila mwenye sauti nzuri. Ina watu wake, wa koo zilizorithi wajibu huo.

Kwa hiyo neno "wimbo wa asili" linafunika chini yake vitu vya namna mbalimbali. Kuna wimbo unaoomba kuimbwa na kila mtu, na kuna wimbo unaoomba kuachwa mpaka saa yake ifike. Bendi isiyojua tofauti hiyo imekosea kabla ya kugusa uzi wa kwanza.

Marekani ilifika kabla ya redio

Hufikiriwa kwamba ushawishi wa Marekani katika muziki wa magharibi mwa Kenya uliletwa na kaseti za kantri na runinga. Ulifika mapema zaidi. Mwaka 1902 wamisionari watatu Waquaker kutoka Marekani, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha kituo Kaimosi. Kanisa la Friends likasambaa hadi Lugulu na sehemu nyingi za Bungoma, na leo Kenya ina Waquaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Pamoja na Biblia na shule, zilikuja nyimbo za injili zilizokuwa zikiimbwa Marekani katika karne ya 19. Zikatafsiriwa katika lugha za Kiluhya, na ngoma za nyumbani zikaambiwa zibaki nje ya mlango.

Hazikubaki nje. Mwaka 1927 uamsho ulizuka Kaimosi, na kutokana nao yakatokea makundi yaliyojitenga na kuwa makanisa ya Roho Mtakatifu, yaliyoimba na kusali kwa namna yao. Mwaka 1942 Zakayo Kivuli alianzisha African Israel Church Nineveh, ambalo waumini wake hutembea barabarani kwa kanzu nyeupe na bendera, ngoma zikiongoza. Wimbo ulioandikwa kwa ajili ya kinanda cha kanisa la Marekani ukajikuta ukitembea kwa miguu, ukiwa na mwimbishaji na waitikiaji, na mdundo unaokaribia isukuti. Elijah Masinde wa Kimilili, aliyelelewa katika kanisa la Friends kisha akaongoza Dini ya Msambwa miaka ya 1940, alichagua njia nyingine: aliwataka watu waiache dini ya wageni na kurudia misambwa ya mababu. Njia hizo mbili zilikuwa majibu kwa swali letu miaka mingi kabla ya bendi ya kwanza kununua jenereta. Kivuli aliuchukua wimbo wa mgeni na kuupa kazi ya nyumbani. Masinde alisema nyumba ina nyimbo zake.

Mfano wa ajabu zaidi ulitokea Kapkatet, katika nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1950 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alirekodi pale wasichana wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo lilikuwa la mwimbaji Mmarekani, Jimmie Rodgers wa Mississippi, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kwenye gramafoni za vijijini. Rodgers alikuwa amefariki kwa kifua kikuu mwaka 1933, lakini wasichana wale hawakuwa na haja ya wasifu wake. Kwa maelezo ya Tracey, walimfanya kiumbe nusu mtu nusu swala, wakamwalika aje acheze, na wakamwimbia kwa kinubi chao.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa heshima linayostahili. Rodgers ndiye anayeitwa baba wa muziki wa kantri, na nyimbo zake zilijengwa juu ya nyimbo za zamani za Wamarekani Weusi na Weupe wa kusini. Wasichana wa Kipsigis hawakumwiga. Hawakununua kofia wala kujifunza kuimba Kiingereza. Walichukua jina na mshangao wa sauti ile, wakaviingiza katika mfumo wao wa kuitikiana na kuvipa kazi waliyoijua, ya kuita wachezaji uwanjani. Watu wa mijini wanazungumza leo kuhusu bendi zinazofasiri upya nyimbo za asili za Marekani kana kwamba ni uvumbuzi wa jana. Kapkatet ilifanya hivyo kwa kinubi. Rekodi za Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, na katika muongo wa 2010 maktaba hiyo, pamoja na mradi wa Singing Wells unaoshirikisha studio ya Ketebul ya Nairobi, ilirudisha nakala zake kwa jamii zilikotoka. Wimbo ulikwenda mbali, ukarudi kwa wenyewe.

Gitaa lilivyofundishwa isukuti

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia gitaa kavu lilienea magharibi mwa Kenya. Halikuja na mwalimu, na hiyo ilikuwa heri, kwa sababu vijana walilifundisha wenyewe. Mkubwa wao alikuwa George Mukabi kutoka Kisa, Uluhyani, aliyeuawa mwaka 1963 akiwa bado kijana. Mtindo wake uliitwa omutibo. Kidole gumba kilishika besi isiyochoka, vidole vingine vikachora sauti za juu, na pembeni mwenzake akakwaruza au kugonga chupa ya Fanta kushika mwendo. Wapo wapigaji wanaosema waziwazi kwamba mkono huo umetokana na mdundo wa isukuti, na ukizisikiliza sehemu zake tatu, besi, sauti ya kati na chupa, ni rahisi kuwaona baba, mama na mtoto wamehamia kwenye gitaa.

Mukabi aliimba nyingi ya nyimbo zake kwa Kiswahili. Hilo lilimwezesha kusikika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, huku vidole vyake vikiendelea kusema Kikisa. Nyimbo zake zilikuwa na kazi ya litungu: mawaidha ya ndoa, onyo kwa mlevi, masikitiko ya maskini. Ala ilibadilika, lugha ikabadilika, mahali pakabadilika, kazi ikabaki. Mwanawe, Johnstone Mukabi, aliendelea kuupiga mtindo huo, na nyimbo za baba zimetolewa upya kwa santuri kwa ajili ya wasikilizaji wa mbali.

Wengine walipita njia pana zaidi. Twisti ya Marekani ilipovuma mwanzoni mwa miaka ya 1960, John Nzenze na Daudi Kabaka, wote wa asili ya Uluhyani, waliichukua na kuitengenezea mwendo wa hapa. Mwaka 1968 bendi ya Kiingereza, The Tremeloes, ilirekodi Helule Helule ya Kabaka ikafanya vizuri Uingereza. Abana ba Nasery wa Bunyore, yaani Shem Tube, Justo Osala na Enos Okola wa chupa ya Fanta, walikaribishwa London na kurekodi na wanamuziki wa asili wa huko albamu iliyotoka 1992. Wazee wa omutibo na wapigaji wa nyimbo za kale za Uingereza walikaa chumba kimoja wakaelewana bila mkalimani. Walielewana kwa sababu pande zote mbili zilitoka katika muziki wa ukumbi mdogo, ambako anayeimba anaona nyuso za wanaoitikia.

Wamarekani na nyimbo zao

Huko Marekani kwenyewe swali hili limewaletea watu utajiri na pia machozi. Mwaka 1927, katika mji mdogo wa Bristol, Tennessee, Ralph Peer alirekodi wanamuziki wa milimani kwa kampuni ya Victor, wakiwamo Jimmie Rodgers na familia ya Carter. A. P. Carter alizunguka vijijini kukusanya nyimbo za zamani ili familia yake izipige upya. Katika safari hizo alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi, ambaye kazi yake ilikuwa kuzishika sauti kichwani Carter akiandika maneno. Familia ya Carter ikawa nguzo ya historia. Riddle alikaa miaka mingi bila kutajwa.

Mwaka 1937 mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax alimrekodi msichana wa miaka 16, Georgia Turner, huko Middlesboro, Kentucky, akiimba wimbo wa nyumba yenye sifa mbaya ya New Orleans. Mwaka 1964 bendi ya Kiingereza, The Animals, iliupiga wimbo huo, The House of the Rising Sun, kwa gitaa la umeme na kinanda, ukatikisa dunia. Kwa kuwa ni wimbo wa asili usio na mtunzi anayejulikana, santuri ilimtaja mpiga kinanda Alan Price pekee kuwa ndiye aliyeupanga. Kosa halikuwa kuutia umeme wimbo huo, maana ulipigwa kwa hisia ambayo haijachuja mpaka leo. Kosa lilikuwa katika karatasi, pale neno "asili" lilipogeuzwa kuwa na maana ya "hauna mwenyewe".

Hata Afrika imelia kilio hicho. Mwimbaji Solomon Linda alirekodi wimbo wake, Mbube, Johannesburg mwaka 1939. Wanamuziki wa nyimbo za asili wa Marekani wakaudhania ni wimbo wa jadi, ukaimbwa, ukabadilishwa jina, ukawa The Lion Sleeps Tonight mwaka 1961, ukaingiza fedha nyingi. Linda alikufa maskini, na binti zake walipata maafikiano mwaka 2006 tu, baada ya kesi. Mara nyingi nyuma ya kile tunachokiita jadi kuna mtu mwenye jina ambaye hakuna aliyejishughulisha kumuuliza.

Upande wa pili upo mfano ninaotamani kila bendi ya Bungoma iujue. Mwaka 2005 vijana Weusi watatu, Rhiannon Giddens, Dom Flemons na Justin Robinson, waliunda Carolina Chocolate Drops. Kabla ya kutafuta majukwaa makubwa walikwenda mara kwa mara nyumbani kwa mzee Joe Thompson huko Mebane, North Carolina, mmoja wa wapiga fidla Weusi wa mwisho wa kizazi chake, wakakaa naye na kujifunza mkono wake. Banjo, ambayo wengi waliiona kuwa ala ya Wazungu wa milimani, wakaionyesha ilikotoka: kwa watumwa waliobeba Afrika vichwani mwao. Albamu yao ya 2010, Genuine Negro Jig, ilishinda tuzo ya Grammy. Muziki wao haukuwa makumbusho. Walichanganya nyimbo za kale na za kisasa, lakini waliweza kufanya hivyo kwa sababu walikuwa wameketi miguuni pa mwenye nyumba.

Kazi mpya, na wimbo usio na kazi

Turudi Afrika Mashariki tuone ni lini mabadiliko yamefaulu. Mfano mkubwa tunausimamia wima kila sikukuu. Mwaka 1963 kamati ya wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, iliuchukua wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto, uliotolewa na mzee Meza Galana, ikaufanya Wimbo wa Taifa wa Kenya. Kutoka mgongoni mwa mama hadi kwenye gwaride ni mwendo mrefu. Lakini wimbo ulitoka kwenye kazi moja ukapewa nyingine iliyo wazi, na tunajua ulikotoka.

Isukuti nayo ilipata ajira mpya. Mashabiki wa AFC Leopards, klabu iliyoanzishwa 1964, waliiingiza uwanjani, na ngoma ya harusi na mazishi ikawa ngoma ya mabao. Hata hivyo mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hiyo katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Mambo hayo mawili hayapingani. Uwanja wa mpira uliuweka hai mdundo, lakini hauwezi kufundisha maneno yanayoimbwa penye kaburi la mzee. Kazi moja haitoshi kubeba ngoma nzima.

Ayub Ogada aliipeleka nyatiti, kinubi cha Wajaluo, kwenye albamu ya En Mana Kuoyo ya 1993 na kuipiga polepole, karibu kwa kunong'ona. Kothbiro, wimbo wa mvua inayokuja, ukasikika hata kwenye filamu ya The Constant Gardener ya 2005. Bendi ya Kenge Kenge ikafanya kinyume: iliiweka orutu, fidla ya Wajaluo, mbele ya besi na kuiacha ikimbie kama gitaa la benga. Kule Tanzania, Saida Karoli wa Kagera aliibeba ngoma ya Kihaya hadi kila baa na kila daladala mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaujenga wimbo wao wa Salome juu ya wake, jina la Saida likarudi vinywani mwa watoto ambao hawakuwa wamezaliwa alipovuma. Ng'ambo ya Elgon, kwa ndugu zetu Wamasaba, ngoma za kadodi za imbalu, tohara yao, sasa hukodishwa kwa harusi na kampeni za siasa. Mdundo umepata riziki. Lakini kijana anayeusikia kila wiki kwenye mikutano ya wagombea ataupokeaje siku utakapomwita yeye mwenyewe kwenye kisu?

Sisi nasi tumo humo. Kuna kinanda cha kukodi kinachofuata sherehe na matanga kuanzia Kamukuywa hadi Kiminini. Kuna redio za Sulwe FM na Mulembe FM zinazohitaji nyimbo mpya za lugha za nyumbani kila siku. Kuna kwaya za shule zinazopanga nyimbo za asili kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, zikifuata njia waliyoifungua wapangaji kama marehemu Profesa Arthur Kemoli. Kila kimoja kati ya hivyo huupa wimbo kitu na kuunyima kingine. Kwaya huufundisha kwa usafi wa maneno, lakini huufungia katika dakika za mashindano na mbele ya majaji, si mbele ya mama aliyejifungua. Redio huusambaza, lakini huukata. Kinanda cha kukodi huurudisha uani ulikotoka, lakini mara nyingi huua kuitikiana, kwa kuwa spika ikishafunika sauti za watu, watu huacha kuimba na kuanza kusikiliza.

Hasara ya kweli iko hapo. Wimbo wa kazi hauna mwisho uliopangwa. Hudumu kadiri kazi inavyodumu. Santuri ya zamani ilikuwa na takriban dakika tatu kila upande, na mazoea ya ufupi hayajatuacha tangu hapo. Kiongozi wa khuminya humtazama kijana, akiona miguu imechoka huongeza mistari ya kumtia moyo, akimwona shangazi anaingia langoni humtaja. Programu ya kompyuta haimwoni shangazi. Bendi yenye watu hai inaweza kumwona, ikitaka. Ndiyo maana naamini bendi ya kweli, hata yenye gitaa la umeme, iko karibu na asili kuliko rekodi safi ya litungu inayopigwa kwenye simu.

Kanuni za kufanyia kazi

Kenya inayo Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya 2016, inayotambua haki za jamii juu ya nyimbo na ngoma zake, inayodai ridhaa yao kabla ya matumizi ya kibiashara, na inayozipa kaunti wajibu katika kutunza kumbukumbu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 11, inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Sheria ni nzuri, lakini haitafika kwenye ua wa Naitiri usiku wa Agosti. Pale panatawala heshima, na heshima inaweza kuelezwa kwa maneno machache.

Bendi ijue kazi ya wimbo kabla ya kuupiga. Ikiwa ni wimbo wa kumpokea mtoto, na upigwe kwa kasi yoyote, lakini furaha ya mama ibaki katikati. Ikiwa ni sioyaye, uachiwe alfajiri yake. Kuacha wimbo mmoja hakumfanyi mwanamuziki kuwa mwoga. Kunawaambia wasikilizaji kwamba zile alizozipiga amezichagua kwa akili. Kisha aliyefundisha atajwe, kwenye jukwaa na kwenye karatasi ya hakimiliki. "Wimbo wa asili wa Kibukusu, kama alivyoufundisha mzee fulani wa mahali fulani" ni sentensi fupi. Lesley Riddle na Georgia Turner wangeihitaji. Na fedha ikipatikana, mzee huyo apate fungu lake akiwa hai, si turubai na jeneza zuri.

Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia zinaweza kusaidia bila gharama kubwa. Kitale ina makumbusho ya taifa, na shule zetu zina vijana wenye simu zinazorekodi. Kurekodi peke yake hakutoshi, lakini ni mwanzo, ikiwa nakala zitarudi kwa waliorekodiwa kama zilivyorudi Kapkatet.

Lakini jambo ninalolitamani kuliko yote halihitaji bajeti. Kabla ya kuimba, mpiga litungu hukaza na kulegeza nyuzi zake saba mpaka zikubaliane na koo lake. Hafuati kipimo cha kiwandani. Hufuata sauti aliyoamka nayo siku hiyo. Bendi zetu zinapomwalika mzee jukwaani, huwa zinamwomba alifungie litungu lake kwenye sauti ya kinanda, naye kwa upole hukubali, na wimbo hutoka ukiwa umebanwa koo. Siku moja yafanyike kinyume. Mzee aketi, afunge nyuzi zake kwanza, na mwenye gitaa ainame karibu, akaze na kulegeza zake mpaka azikute zile saba. Itachukua muda. Watu uani watasubiri. Kisha mzee atakapoanza kuimba, wataitikia, kwa sababu watakuwa wamesikia kwamba wimbo unaoanza ni wao.